Ubao Usio na Viambishi: Uhakiki wa Vifaa vya Mawasiliano vya Watoto Wasioweza Kusema

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuihakiki kazi iliyopigwa chapa na kutiwa jalada. Tunauliza mwandishi amesema nini, amesema kwa lugha gani, na anamsemea nani. Makala haya yanakusudia kuyauliza maswali hayo hayo juu ya matini ya aina nyingine: ubao wa mawasiliano, yaani kadi ngumu au kitabu kidogo chenye picha na maneno ambacho mtu asiyeweza kusema, au asemaye kwa namna isiyosikilizana, hukitumia kwa kuonyesha kidole, ngumi au hata macho. Ubao huo una mtungaji, una lugha, na una msomaji. Kwa hiyo una sarufi, na palipo na sarufi mhakiki anayo haki ya kuingia.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo neno *bubu* limeyachanganya. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake, na Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 120, imeiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Hiyo si mada yetu. Sisi tunamzungumzia mtu anayesikia barabara na kufahamu kila kitu kinachosemwa mbele yake, ila ulimi na midomo havimtii: mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa mfano, au mzee aliyepatwa na kiharusi. Kiswahili humwita huyu bubu na yule bubu. Tena tunasema *bandari bubu* kwa maana ya mahali ambapo mizigo hushushwa pasipo idhini ya serikali, kana kwamba asiyesema ni kitu kisichoandikishwa mahali popote. Lugha yetu haikumkusudia mtoto huyu kwa tusi hilo, lakini limo.

Jumapili moja alasiri mwandishi wa makala haya alikuwa Mama Ngina, kwenye ule ukingo wa bahari uliotengenezwa upya na ambako sherehe za Siku ya Mashujaa zilifanyika mwaka 2019. Chini ya mibuyu walikuwapo wauzaji wa madafu na wa mihogo ya kukaanga, na meli ya makasha ilikuwa ikiingia Kilindini polepole. Akaja mama mtu mzima akimsukuma mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa au kumi hivi, katika kiti cha magurudumu. Shingoni mtoto alikuwa ametundikiwa ubao wenye picha ishirini na nne, na chini ya kila picha neno moja la Kiingereza. Muuzaji wa mihogo, kijana mwenye adabu zake, alimtazama mtoto badala ya kumtazama nyanya yake, jambo ambalo si watu wengi hulifanya, akamwuliza atakalo. Mtoto akaonyesha picha ya kutaka. Kisha, kwa kuwa ubao haukuwa na muhogo, akaonyesha chipsi. Muuzaji akafahamu, akapakua, akashika kopo la pilipili. Mtoto akaonyesha mkono uliosimamishwa, chini yake pameandikwa "no", na baada ya hapo akawa anahangaika kuifikia rangi nyekundu iliyokuwa pembeni. Muuzaji hakuingoja hiyo rangi. Alidhani mtoto ameghairi, akaurudisha muhogo kwenye sinia.

Nyanya akasema: "Muhogo autaka, mwanangu. Asoitaka ni pilipili."

Sentensi hiyo ya Kimvita ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ndani yake mna irabu mbili ambazo ubao haukuwa nazo: *u* ya *autaka*, inayoushika muhogo, na *i* ya *asoitaka*, inayoishika pilipili. Kwa irabu hizo mbili jambo lote likanyoka. Mtoto alijua vizuri kabisa alichotaka kusema. Alikuwa na nia, alikuwa na mpangilio wa mawazo, na alikuwa na msikilizaji mwenye subira ya kiasi. Alichonyimwa ni kiambishi.

Tuwe wakweli: ubao ule ungemtatiza hata muuzaji wa chipsi wa London. Lakini mtoto wa London akiongezewa picha moja ya pilipili, ataweza kuliweka "no" mbele yake na kupata tungo ambayo watu wazima wa kwao huitamka hivyo hivyo kila siku. Mtoto wa Mombasa akiongezewa picha hiyo hiyo atapata *hapana pilipili*, ambayo ni kauli ya kuarifu kuwa pilipili imekwisha. Anachokihitaji ni *usitie*, neno moja lenye nafsi ya anayeambiwa, kikanusho, mzizi na kiishio cha dhamiri. Hakuna picha ya *usi-*.

Upungufu huu hauondoki kwa kuyafasiri maneno ya Kiingereza na kuyaacha mahali pale pale. Nimepata kuona mbao zilizofasiriwa kwa njia hiyo. Chukua picha tatu zilizopangwa kwa mfuatano: MIMI, PIKA, NYANYA. Mtoto amekusudia kusema kwamba atampikia nyanya yake. Hata kama picha ya tatu ni uso wa mwanamke mzee, hata tukiepuka ule utata wetu wa kila siku kati ya nyanya mzazi wa mzazi na nyanya ya kuungia mchuzi, bado tungo hiyo inasema mtoto anakusudia kumtia bibi huyo chunguni. Kiswahili hakimwokoi bibi kwa mpangilio wa maneno wala kwa neno dogo la kusimama kati ya kitenzi na jina. Humwokoa kwa *-m-* na kwa *-i-* ya kauli ya kutendea: *nitampikia*. Ukiviondoa viambishi hivyo viwili hukurahisisha sentensi, bali umetunga nyingine.

Mbao nyingine huandika vitenzi kwa *ku-*: kula, kunywa, kwenda, kutaka. Hapo mtoto husema *mimi kutaka kunywa*. Msomaji wa jarida hili atakitambua Kiswahili hicho mara moja, maana kina historia katika nchi hii. Ndicho Kisetla, Kiswahili cha walowezi na watumishi wao, ambacho F. H. Le Breton alikitungia kitabu cha mazoezi mwaka 1936 kwa manufaa ya askari, mlowezi, mchimba madini na wake zao. Sisemi waliotengeneza mbao hizi wana nia ya kikoloni. Aghalabu ni watu wema wanaofanya kazi kwa fedha kidogo. Nasema tu kwamba mtoto aliyezaliwa Mji wa Kale, ambaye ukoo wake umekuwa ukikitunga Kiswahili kwa vizazi visivyohesabika, amefundishwa kusema na nyanya yake kwa lugha ya bwana shamba na mpishi wake.

Chanzo cha kosa hili ni nini? Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, nilihudhuria mihadhara michache ya wataalamu wa taaluma hii, na nikajifunza kwao jambo ambalo wao waliliona la kawaida. Mbao za Kiingereza hujengwa juu ya kile kiitwacho msamiati wa msingi. Watafiti wamehesabu maneno ya watoto na watu wazima wakaona kwamba maneno mia chache tu, yakirudiwarudiwa, hufanya takriban asilimia 80 ya mazungumzo ya kila siku. Ukiitazama orodha yenyewe utaona imejaa maneno madogo: "I", "it", "you", "not", "that", "to", "will". Mwenye ubao akipewa hayo kwanza, anaweza kusema mengi kwa picha chache. Ni hekima kubwa kwa Kiingereza. Lakini jaribu kuifasiri orodha hiyo. "I" ni *ni-*. "Not" ni *si-*, *hu-*, *ha-*, *-si-*. "Will" ni *-ta-*. "It" ni *-ki-* au *-li-* au *-u-* au *-i-* au *-ya-*, kwa kadiri ya ngeli. Maneno yaliyo nguzo ya ubao wa Kiingereza si maneno kwetu. Basi mfasiri hutafuta neno lolote linalosimama peke yake, akaandika MIMI, akaandika HAPANA, na nguzo zikawa mapambo.

Zaidi ya hayo, Mwingereza anaweza kulichomoa tendo lake kutoka kwenye kamusi na kulitamka lilivyo. Sisi hatuwezi. Hakuna mtu yeyote, kutoka Lamu hadi Kigoma, asemaye *pa* akapewa kitu. Husema *nipe*.

Mwenzangu mmoja wa idara, nilipomweleza haya, alinipinga. Alisema watoto wote huanza kwa kuangusha viambishi, kwa hiyo ubao usio na viambishi unafuata maumbile. Hoja yake ina msingi. Kamil Ud Deen, katika utafiti alioutoa mwaka 2005 juu ya watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, ameonyesha kwamba watoto wadogo sana huviacha mara nyingi viambishi vya nafsi na vya wakati. Lakini watoto hao hawabaki hapo. Huviacha, kisha huvipata, na baada ya miaka michache huwezi kuwatofautisha na watu wa nyumbani mwao. Mtoto wa Mama Ngina ana miaka kumi na ubao wake una miaka miwili. Akifika ishirini, ubao utakuwa bado na miaka miwili, na wageni wataendelea kumsemesha kwa umri wa ubao.

Pengine itasemwa kwamba picha hazina lugha, kwamba fadhila yake ni hiyo. Ndoto hiyo ni ya zamani. Charles Bliss, aliyezaliwa mwaka 1897 katika dola ya Austria na Hungaria, alikimbilia Shanghai, akavutiwa na maandishi ya Kichina, akatunga mfumo wa alama ambao alitumaini kuwa ungesomwa na mataifa yote. Aliuchapisha Australia mwaka 1949 na ulimwengu haukumjali. Mwaka 1971 walimu wa watoto wenye ulemavu mjini Toronto waliuokota na kuufanya kuwa sauti ya watoto wasiosema. Yafaa ikumbukwe kuwa Bliss mwenyewe aliona haja ya kutia vialama vya kuonyesha kitendo, wakati na wingi. Yaani hata mtu aliyekusudia kuikimbia sarufi alirudi kuipigia hodi.

Kwa upande wa pwani, tatizo la kuvalishwa maandishi yaliyoshonewa mwili mwingine si geni. Tunakumbuka kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Kiarabu hakina *p*, hakina *ch*, wala hakitenganishi *e* na *i*, au *o* na *u*, kwa alama. Katika hati nyingi za kale herufi moja ya *be* husomeka *b*, au *p*, au *mb*. Hati hizo zilisomeka vizuri, ila kwa mtu ambaye tayari alijua kilichoandikwa: aliyeuhifadhi utenzi, au aliyekuwapo ulipotungwa. Mgeni alikwama. Wanazuoni wa Mombasa hawakuridhika na hali hiyo. Hawakusema *p* ifutwe katika Kiswahili kwa kuwa kalamu haiijui. Waliongeza nukta na alama, na mjadala wenyewe ukaendelea hadi nyakati zetu; Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, waliurudia mwaka 1997 kwa mapitio ya kihistoria na mapendekezo kamili ya namna ya kukiandika Kiswahili kwa herufi hizo.

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Ubao wa mtoto yule uko katika hali ya hati ya kale. Nyanya yake anausoma, kwa sababu anajua kilichomo kabla hakijaandikwa. Muuzaji wa mihogo hawezi. Na kifaa kinachofahamika kwa wale tu wasiokihitaji hakijatimiza kazi yake, maana nyumbani kule mtoto angefahamika hata kwa macho. Mtihani wa ubao ni mgeni.

Kuna jambo la pili, na hili ni la maudhui. Kutoka Mama Ngina si mbali kwenda Mtaa wa Biashara, ambako duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limekuwa likiuza leso zenye chapa ya *Mali ya Abdulla*. Kila leso ina mji, ina pindo, na ina jina, yaani maandishi yake. Mwanamke anayeinunua hakuyatunga maandishi yale. Yamepigwa chapa kwa maelfu. Hata hivyo, akijifunga leso hiyo siku fulani na kupita mlangoni pa mtu fulani, hakuna jirani atakayeshuku kwamba maneno ni yake. Ameyafanya yake kwa kuyachagua, kwa wakati na kwa mahali. Akiulizwa, aweza kujibu kuwa hiyo ni nguo tu.

Wapo wanaodai kwamba sentensi iliyotayarishwa na mwingine, ikabonyezwa au kuonyeshwa na mtoto, si usemi wa mtoto. Wanawake wa Mombasa wamekwisha kuijibu hoja hiyo. Usemi wa kuchagua ni usemi. Lakini leso hutufundisha na sharti lake: lazima pawe na mengi ya kuchagua, na lazima mchaguzi awe na uwezo wa kuchoma. Dukani mna leso za mapenzi, za shukrani, za dua, za kejeli na za vita vya wazi. Ubao wa mtoto una nini? Nilizihesabu zile picha ishirini na nne kwa ruhusa ya nyanya. Kumi na tisa zilikuwa maombi: chakula, maji, choo, ugonjwa, usingizi, kuchezeshwa. Zilizobaki ni ndiyo, la, rangi mbili, na salamu moja. Kwa lugha ya wahakiki, ubao una utanzu mmoja tu, ombi. Mhakiki akipewa riwaya ambayo mhusika wake hafungui kinywa ila kuomba maji, ataiita riwaya mbovu na kusema mwandishi hamheshimu mhusika. Mtoto yule hawezi kulalamika, hawezi kutania, hawezi kumsengenya binamu yake. Hawezi kusema *muongo wewe*. Jamii inayomsikia akiomba tu, mwishowe humwona mwombaji.

Na ile salamu moja ilikuwa "hello". Ikifasiriwa itakuwa *hujambo*, ambayo mtoto wa Mji wa Kale hamwanzi nayo mtu wa makamo ya nyanya yake. Inatakiwa *shikamoo*, inatakiwa pia *naam* ya kuitikia aitwapo. Mtoto asiyeitika *naam* kwetu haonekani mlemavu, huonekana hana adabu, na mama yake ndiye anayebeba aibu.

Nisieleweke kuwa hakuna kilichofanyika. Huko Kilifi, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao wamewafuata watoto wa aina hii majumbani, na mwaka 2014 walichapisha maoni ya walezi baada ya kazi hiyo. Fadhila yake kubwa ni kwamba ilianza nyumbani, kwa mlezi, na si dukani kwa kifaa. Huko Afrika Kusini, kwenye Chuo Kikuu cha Pretoria, wamekwenda hatua ambayo sisi wanaisimu wa Kiswahili tulipaswa kuitangulia: Mngomezulu na wenzake, mwaka 2019, walitafuta msamiati wa msingi wa Kizulu kwa watoto wa namna hii, na wakahesabu vipande vinavyounda maneno badala ya kuhesabu maneno mazima yaliyoandikwa. Kizulu ni ndugu wa Kiswahili katika Kibantu. Njia imekwisha kufyekwa, na sisi tunaoandika makala juu ya mnyambuliko wa vitenzi kila mwaka hatujaipita.

Sidai kwamba dawa ni kuvipanga viambishi vyote ubaoni. Neno *nitakupikia* lina vipande sita, na kwa mtoto ambaye mkono wake hutetemeka, kuonyesha mara sita ni jasho na dakika mbili. Muuzaji atakuwa amemhudumia mwingine. Nionavyo, ukurasa wa mbele uwe na maneno yaliyokwisha kuvaa: *nipe*, *sitaki*, *usitie*, *niache*, *bado*, *nimeshiba*, *si hivyo*, *ngoja nimalize*. Viambishi viwe kwenye utepe wa kukunjua, kwa siku mtoto atakapotaka kutunga lake. Vile vya nafsi na vya ukanushi vitangulie. Vya ngeli vifuate kwa uchache, *-u-* na *-i-* na *-ki-* kwanza. Na maneno yenyewe yasitungwe ofisini. Yakusanywe kwa kuwasikiliza watoto wa rika hilo wakicheza, kwa kinasa sauti, kwa idhini ya wazazi, hesabu ifanywe kwa vipande. Ni kazi ambayo wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza wanaweza kuifanya katika likizo moja. Kifungu cha 7 cha Katiba kimelitaka taifa liendeleze, pamoja na lugha za kienyeji na Lugha ya Ishara, njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Aya hiyo imewekwa katika kifungu cha lugha, si cha hospitali.

Limebaki swali moja ambalo limezusha ubishi katika idara yetu. Leo simu inaweza kukisoma Kiswahili kwa sauti, na kwa hiyo mtoto anaweza kuonyesha picha na simu ikamsemea. Itamsemea Kiswahili gani? Wenzangu wawili wanashikilia Kiswahili sanifu, kwa ajili ya shule na mtihani. Lakini nyanya yake akiona njaa husema ana *ndaa*, na akimwita humwambia *ndoo*. Mtoto huyu amesikia *ndaa* tangu siku ya kwanza. Kichwani mwake, mahali ambapo hakuna anayemsahihisha, bila shaka anasema *ndaa*. Kwa maoni yangu ubao wake uandikwe *ndaa*, na *njaa* iongezwe chini yake atakapoanza kusoma, kama vile sisi wengine wa pwani tulivyoongezewa shuleni baada ya kwisha kusema.

Nyanya aliniuliza kama ninaweza kumtengenezea ukurasa mmoja. Nilimwuliza aanze na neno gani. Hakufikiri hata kidogo. Alisema *usinisukume kwanza*, kwa sababu kila wanapofika ukingoni meli ikipita, mtoto hupiga kelele, na yeye hadi leo hajui kama ni ya furaha au ya kuomba wangoje.